Opareshoni ya sikio la kati na vile usikivu wa ndani unalindwa: maswali ninayoulizwa kila siku

Kazi yangu ni kupima usikivu hapa Nairobi. Nakaa nje ya kile kichumba kisichopitisha sauti, mgonjwa yuko ndani na hedifoni, akiskia mlio anabonyeza kitufe. Karibu kila mtu anayefanyiwa opareshoni ya sikio hupitia kwangu kabla na anarudi baadaye, kwa hivyo maswali yananifikia mara mbili, kwanza yakiwa na woga halafu yakiwa na matumaini, na mara chache, na hizo ndizo zinaninyima usingizi, yakiwa na machozi. Nimeyaandika vile watu huyauliza. Daktari wako ndiye anajua sikio lako, mimi nataka tu ukienda kuongea naye uwe unajua mnaongea juu ya nini.

Sikio la kati ni gani na la ndani ni gani?

Ukipita ngoma ya sikio kuna kichumba kidogo chenye hewa, na ndani yake vifupa vitatu vimeshikana kama mnyororo: nyundo, fuawe na kikuku. Hilo ni sikio la kati. Kikuku ndicho mfupa mdogo kuliko yote mwilini, kama milimita 3 hivi, na wayo wake umekaa kwenye kidirisha. Nyuma ya hicho kidirisha ndio sikio la ndani linaanza, yaani koklea, imejikunja kama konokono mizunguko miwili na nusu na imejaa maji, pamoja na mifereji mitatu ya kukusaidia usianguke ukitembea.

Ndani ya koklea kuna seli zenye vinywele, kama 3,500 kwa safu ya ndani na kama 12,000 kwa safu za nje. Hizo ndizo zinageuza mtikiso kuwa habari ya kupelekwa kwa ubongo. Zikifa hazirudi. Kuku seli zake za kusikia zikiharibika zinaota upya, binadamu hapana. Sisi watu wa Nairobi tumezoea kila kitu kina spea, ukikosa Kirinyaga Road utaulizia Gikomba, na hata hili sikio la kati lina spea zake, ngoma ikitoboka inazibwa, kifupa kikiliwa na ugonjwa kinawekwa cha titani. Koklea haina. Ndio maana kila kitu kwenye hii opareshoni kinapangwa kuizunguka.

Sasa kama daktari anatengeneza la kati, la ndani linaumiaje?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote na wachache sana huliuliza.

Anza na drili. Nyuma ya sikio kuna mfupa wa mastoidi, na ugonjwa ukiingia huko lazima mfupa uchimbwe. Drili inapiga kelele, na kelele hiyo haipitii hewani, inapitia kwa mfupa moja kwa moja mpaka kwa koklea, inaweza kufika karibu desibeli 100, na kwa sababu fuvu ni moja sikio la upande wa pili nalo linaipokea, imepungua kidogo tu. Hata hivyo watu wengi wanamaliza opareshoni wakiwa salama. Hatari kubwa ni drili ikigusa vile vifupa vikiwa bado vimeshikana. Fikiria mtu ameshika fimbo iliyoegemea mlango wa nyumba yako halafu aitie mashine upande wa pili: mtikiso wote unaingia ndani kwa kishindo kimoja, na koklea haiwezi kujificha. Hasara yake tunaiona kwanza kwa sauti nyembamba, kule kwa hezi 4,000 (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti) na kwenda juu, mgonjwa anaanza kukosa herufi kama s na f, anakwambia nakuskia lakini maneno hayashikiki.

Kwa hivyo daktari mzuri akijua atachimba karibu na vifupa, kwanza anatenganisha fuawe na kikuku, anavunja mnyororo kwa makusudi ndio mtikiso usifike ndani, halafu baadaye anaurudisha au anaweka kifupa bandia. Akikaribia mahali pabaya anabadilisha kichwa cha drili, anatoa kile cha meno anaweka cha almasi kinachosugua polepole. Na maji yanamiminwa muda wote, kwa sababu mfupa unaochimbwa unapata moto na huo moto unaweza kuchoma neva ya uso na sikio la ndani.

Halafu kuna saksheni, ile mrija wa kunyonya damu. Mahali pengine haina shida, lakini kidirisha cha kikuku kikiwa wazi ukiweka saksheni juu yake unanyonya maji ya koklea. Tone dogo tu. Hilo tone ndilo usikivu wa mtu. Daktari ananyonya pembeni, hapitishi mrija juu ya lile tundu hata kama damu inamsumbua.

Na kuna dawa ya kusafishia ngozi. Klorhexidini kwa mkono haina neno, ikiingia sikio la kati inaweza kupenya mpaka ndani na kuua zile seli, na ikichanganywa na spiriti ni mbaya zaidi. Mwaka 1971 daktari mmoja Uingereza aliandika kuhusu wagonjwa waliozibwa ngoma vizuri kabisa halafu wakapoteza usikivu, ikashukiwa ni hiyo dawa ya kusafishia. Opareshoni imefaulu, sikio limekufa. Tangu hapo madaktari wa masikio wako makini sana na kile kinachomwagwa karibu na ngoma iliyotoboka.

Kwa nini nipimwe tena na nilipimwa mwaka juzi?

Kwa sababu karatasi ya mwaka juzi inaonyesha sikio la mwaka juzi. Odiogramu, yaani hiyo karatasi ya majibu ya kipimo, ina mistari miwili: wa hewa, ule wa hedifoni, na wa mfupa, ambapo nakuwekea kidude kinachotetemeka nyuma ya sikio. Ule wa mfupa unaruka ngoma na vifupa vyote unaenda kuuliza koklea yenyewe. Namba ni za desibeli, na ndogo ndiyo nzuri. Hewa ikisoma 50 na mfupa ukisoma 10, ina maana koklea yako iko sawa na kuna 40 imekwama njiani, na hiyo 40 ndio daktari anaenda kuitafuta. Hewa 50 na mfupa 50 ni hadithi nyingine kabisa, hapo opareshoni haitakuongezea kusikia, labda tu kukausha sikio.

Sasa ngoja nikwambie kitu ambacho ukikijua utakuwa na faida. Wakati napima mfupa wa sikio moja lazima niweke kelele kwa lile lingine, kelele inayofanana na mvua ikinyesha kwa mabati. Wagonjwa wanaichukia, wazee wananiambia binti yangu zima hiyo kitu. Siwezi kuizima, kwa sababu bila hiyo mvua sikio zuri linajibu kwa niaba ya lile baya, mtu anaonekana ana koklea nzima upande ambao hauna kitu, na anapelekwa thieta kutengenezewa mlango wa nyumba isiyo na mtu. Ukipimwa mfupa na hukuskia mvua, uliza kwa nini. Saa zingine haihitajiki, lakini uliza.

Jambo lingine, kama uliwahi kudungwa sindano za TB kama streptomaisini au kanamaisini, au ulitibiwa saratani kwa sisplatini, sema. Sema hata kama hujaulizwa. Hizo dawa zinachosha koklea na daktari anahitaji kujua anaenda kufanya kazi kando ya kitu ambacho tayari kimechoka.

Nimeambiwa nina kolesteatoma na nina kizunguzungu, hiyo inamaanisha nini?

Kolesteatoma ni ngozi iliyoingia mahali haifai kuwa, inajikusanya nyuma ya ngoma na inakula mfupa taratibu. Sio saratani lakini haina huruma. Sikio linatoa usaha wenye harufu, miezi, miaka. Kama umeanza kuskia dunia inazunguka, hasa ukibonyeza kale kanyama kalikoko mbele ya tundu la sikio, ama ukipiga chafya, inawezekana imeshatoboa ukuta wa sikio la ndani, na mara nyingi ni ule mfereji wa usawa ulio pembeni.

Mwambie daktari hiyo habari ya kubonyeza, usiiweke. Atataka siti skani aone kama ukuta uko. Akikuta umetoboka atapanga opareshoni tofauti, ile ngozi iliyofunika tundu ataiacha mpaka mwisho kabisa na kuna wakati ataamua kutoitoa, kwa sababu kuibandua ghafla ni kama kung'oa kizibo na maji yakatoka. Hataweka saksheni hapo, akiibandua anafunika palepale. Ukisikia daktari anasema sikutoa yote kwa sababu ya kulinda usikivu wako, usifikirie amekuwa mvivu.

Na ile ya kubadilisha kikuku? Nimeskia mtu anaweza kuwa kiziwi kabisa.

Ndio, inaweza kutokea na sitakuficha. Kuna ugonjwa unaitwa otosklerosisi ambapo kikuku kinaganda kwenye kidirisha chake. Mtu wa kwanza kufaulu kukitoa na kuweka kingine kwa njia ya kisasa ni John Shea, Memphis kule Marekani, tarehe 1 Mei 1956, na tangu hapo imerejesha kusikia kwa watu wengi sana. Lakini hii ndiyo opareshoni ambayo daktari anafungua mlango wa sikio la ndani kwa makusudi. Sasa hivi wengi hawatoi wayo wote, wanatoboa katundu kasikofika milimita 1 na kuweka pistoni ndogo hapo. Tundu dogo, mtikisiko mdogo. Hatari ya kupoteza usikivu wote kwa lile sikio madaktari huitaja kama 1 kwa 100, mikononi mwa aliyezoea. Kwa hivyo uliza amefanya ngapi. Sio dharau kuuliza, daktari anayejiamini atakujibu vizuri.

Wanaanza na sikio lililo baya zaidi, na hawagusi la pili mpaka wajue la kwanza limetulia. Wengine hufanya mgonjwa akiwa macho, sikio tu ndilo limetiwa ganzi, ndio ukianza kuskia kizunguzungu useme saa hiyo hiyo na mkono usimame.

Kitu kimoja cha kukutuliza: kwa otosklerosisi mstari wa mfupa huwa na kashimo kwenye hezi 2,000, watu wanashtuka wakifikiri koklea imeharibika. Mara nyingi kikuku kikibadilishwa hako kashimo kanapungua.

Naweza kununua matone kwa kemisti nikingoja tarehe ya opareshoni?

Tafadhali usinunue tu. Hapa ndipo naona watu wakijiumiza. Sikio linatoa usaha, unaingia kwa kemisti ya karibu na steji, unaambiwa chukua hii, na saa zingine hiyo hii ni jentamaisini au neomaisini, ambazo ni sumu kwa koklea. Kama ngoma imetoboka dawa inaingia sikio la kati, na pale kuna kidirisha kingine cha mviringo kilichofunikwa na utando mwembamba, dawa inapenyeza humo ikienda kwa koklea. Siku mbili tatu sikio likiwa limejaa usaha pengine usiumie, lakini mtu anayatia wiki nzima, chupa inaisha ananunua nyingine, sikio limeshakauka bado anaendelea. Kwa ngoma iliyotoboka madaktari wengi huandika siprofloksasini, ambayo haina hiyo sumu. Na mafuta ya moto, maji ya kitunguu saumu, spiriti, yote hayo hapana. Mama, najua mtoto analia usiku. Mpe dawa ya maumivu, umkaushe usaha kwa kitambaa safi kilichosokotwa, na asubuhi umlete.

Nimeamka baada ya opareshoni na siskii chochote upande huo. Imeenda vibaya?

Mara nyingi hapana. Sikio limejazwa pamba au vitu vya kuyeyuka, kuna damu, kuna uvimbe, lazima uskie kama uko ndani ya mtungi. Sisi hatupimi kikamilifu mpaka kama wiki 6 hadi 12 zipite.

Lakini kuna njia ya kujua koklea iko hai hata kukiwa na pamba. Funga mdomo uvume, mmmmm, kama mtu anayebembeleza mtoto. Sauti imeenda wapi? Ikienda upande uliofanyiwa opareshoni hiyo ni habari njema, sikio lililoziba huvuta sauti ya mfupa kwake kama koklea inafanya kazi. Daktari akija asubuhi na uma wake wa chuma akaugonga na kuuweka katikati ya paji la uso anatafuta hicho hicho. Vuma siku moja kabla ya opareshoni ujue ilikuwa inaenda wapi, halafu vuma kila asubuhi. Kama ilikuwa upande wa pamba na leo imehamia ule mwingine, piga simu. Kama masikio yote mawili yana shida hii njia inaweza kukuchanganya, hapo tegemea uma wa daktari.

Dalili gani hazingojei siku ya kliniki?

Kizunguzungu cha dunia kuzunguka na kutapika kisichopungua. Mlio mpya mkali sikioni. Kusikia kulikokuwa kumeanza kurudi halafu kukapotea ghafla. Uso kulegea upande mmoja. Kizunguzungu kidogo siku ya kwanza na ya pili baada ya kazi ya kikuku ni kawaida, lakini kinatakiwa kiende kikipungua.

Kuna mama mmoja alinijia, opareshoni ilienda vizuri, siku ya tano akaamka nyumba inazunguka na mlio kama wa sufuria inayochemka. Akapiga simu alikotibiwa, aliyepokea akamwambia ni dawa, pumzika. Akapumzika. Alikuja kwangu wiki ya tano akiwa amevaa kitambaa chake vizuri, ametulia, akashika kitufe, na mimi nikapandisha sauti, nikapandisha, mpaka mwisho wa mashine, na kidole chake hakikusonga. Koklea ikishtuka kuna steroidi, dawa za kupunguza uvimbe, zinazoweza kusaidia, lakini ni mpaka zitolewe ndani ya siku chache. Wiki tano ni nyingi. Ukiambiwa ni dawa na moyo wako unakataa, nenda mwenyewe, kaa hapo kwa benchi mpaka mtu aweke uma kwa paji la uso wako.

Kupenga kamasi, jerikeni, Mombasa, ndege?

Usipenge kabisa wiki za kwanza, kwa sababu hewa inapanda kutoka nyuma ya pua mpaka sikio la kati na inaweza kusukuma ngoma mpya au ile pistoni. Chafya iachie mdomo wazi. Maji yakikatika mtaani, jerikeni ya lita 20 mwachie mwingine akubebee ngazi, kujikamua kunapandisha presha mpaka ndani ya koklea. Kuoga, weka pamba yenye vaselini.

Safari, uliza daktari. Nairobi iko juu kama mita 1,700, Mombasa ni usawa wa bahari. Unajua vile masikio yanaziba ukishuka Mai Mahiu, hiyo ni presha, na sikio lililoshonwa juzi halina nguvu ya kuisawazisha. Kwa ndege wengi huambiwa wangoje wiki 4 hadi 6.

Na kuhusu kelele, hii naisema kwa uchungu. Kwenye kazi ya kikuku kale kamsuli kanakokaza kifupa wakati wa sauti kubwa mara nyingi hukatwa, kwa hivyo breki ya sikio haipo tena. Halafu mtu anatoka hapo anapanda matatu ya Rongai yenye spika chini ya kiti. Ngoja ile nyingine. Simama steji dakika ishirini.

Chakula kina ladha ya chuma, ni koklea?

Hapana, ni kaneva ka ladha kanakopita nyuma ya ngoma, kameguswa. Mara nyingi inaisha kwa miezi.

SHA, ile bima ya afya ya serikali ya Kenya, inalipa?

Ilichukua nafasi ya bima ya zamani, NHIF, Oktoba 2024 na watu bado wanachanganyikiwa. Nenda dirisha la bima la hospitali unakofanyiwa, upate idhini kabla ya tarehe, na uulize kama vipimo vya kusikia vya kabla na baada vimo. Hivi vya baada ndivyo watu huruka kwa sababu ya pesa.

Nina sikio moja tu linaloskia na ndilo limetoboka. Nifanyiwe?

Hapa madaktari wanakuwa waangalifu sana na wako sahihi. Kama ni kolesteatoma inabidi, kwa sababu ukiiacha ugonjwa wenyewe utaliua hilo sikio, na hapo unataka mtu mwenye uzoefu mkubwa kuliko wote unaoweza kumfikia. Kama ni tundu kavu lisilosumbua, wengi watakwambia tulia nalo.

Kuna fundi wa Kamukunji, anatengeneza masanduku ya bati, sikio la kushoto lilikufa na matumbwitumbwi akiwa mtoto na la kulia lina tundu. Alikuja akitaka lizibwe. Daktari alikaa naye karibu saa nzima wakakubaliana wasiliguse, akapewa mashine ya kusikia, na kazini anavaa vizibo vya kufunika masikio, vile vikubwa, sio vya kuingiza ndani kwa sababu vinaleta unyevu. Wenzake walimcheka mwezi wa kwanza, siku hizi wawili wamenunua. Kila miezi sita anakuja, anaweka penseli yake ya kuchorea bati juu ya meza yangu, anaingia kwa kichumba, tunawasha mvua upande wa kushoto hata kama hauna kitu, ndio tuwe na hakika. Mara ya mwisho mstari wa mfupa ulikuwa 15, palepale ulipokuwa siku ya kwanza.